Mikono Isiyo na Haraka

Kwetu mwanamke akijifungua hakosi mtu wa kumkanda. Mama mzazi huja, au shangazi, au mama mkwe. Maji ya moto hutengwa, na mwili uliochoka hupata kupumzika. Je, inakuwaje mzazi anapokuwa mbali na hao wote?

Tulikuwa wanawake 4, wake wa wanafunzi, tukiishi Sapporo katika kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Wakati wa baridi nje ni theluji tupu, na waume zetu walirudi kutoka chuoni usiku. Majira hayo mwenzetu, mdogo kuliko sisi sote, alijifungua mtoto wake wa kwanza. Tulimpelekea uji, tukamfulia nepi. Kila tulipomwuliza hali alijibu, "Sijambo, dada zangu." Nasi tuliridhika.

Mtoto alipofikisha miezi 2 tulimkuta mwenzetu sakafuni akilia, hawezi kumwinua mtoto kwa maumivu ya mgongo. Daktari alimpima akasema hakuna ugonjwa, ni misuli iliyokaza kwa uchovu. Basi tukamkanda kama tulivyokumbuka kwa mama zetu, kwa nguvu zetu zote. Siku ya pili aliumwa zaidi, wala hakutuambia. Tulisikia kwa mumewe, tukaona haya.

Jirani yetu, bibi wa Kijapani, ndiye aliyetusaidia. Alitufundisha shiatsu, yaani kubonyeza kwa vidole, kwa maana "shi" ni kidole na "atsu" ni mgandamizo. Alitusimulia habari za Tokujiro Namikoshi, aliyezaliwa mwaka 1905. Alipokuwa na miaka 7 jamaa yake ilihamia Hokkaido hiyohiyo, na mama yake akaugua maumivu makali ya viungo. Inasimuliwa kwamba watoto walipokezana kumbonyeza, naye mama akasema mikono ya Tokujiro ndiyo iliyompa nafuu kuliko yote. Alipokuwa mtu mzima aliifanya kuwa kazi yake, na mwaka 1940 akafungua chuo mjini Tokyo.

Mmoja wetu aliuliza kama hayo si mambo ya ibada nyingine. Bibi alieleza kwamba wako walimu wanaotaja "ki", nguvu ya uhai ipitayo mwilini, lakini njia ya Namikoshi hufundishwa kwa kueleza misuli, mishipa ya fahamu na mifupa. Dhamiri zetu zikatulia, tukaanza kujifunza.

Mambo tuliyofundishwa ni haya:

1. Mgonjwa alale kifudifudi juu ya godoro jembamba au blanketi sakafuni, amevaa nguo nyepesi. Mafuta hayahitajiki.

2. Piga magoti karibu naye, nyoosha mikono, kisha mwegemee polepole. Uzito wa mwili wako ndio unaofanya kazi, si nguvu za mabega. Hapo ndipo tulipokosea sisi.

3. Tumia sehemu laini ya kidole gumba, si ncha wala ukucha. Bonyeza wima kwenda chini, bila kusugua, mgonjwa anapotoa pumzi. Tulia kwa sekunde 3 hadi 5, kisha achia taratibu.

4. Anzia kati ya mabega ushuke hadi kiunoni, pande zote mbili za uti wa mgongo. Usibonyeze mfupa wenyewe kamwe.

5. Mwulize kila mara. Maumivu yanayotakiwa ni yale yanayoleta raha. Akikunja uso au akizuia pumzi, punguza.

Tena alituonya. Usimbonyeze mwenye homa, mwenye mfupa uliovunjika, mwenye mguu uliovimba ghafla, wala aliyepasuliwa karibuni. Mja mzito asibonyezwe na mtu asiyefunzwa. Na mwenye ganzi miguuni au anayeshindwa kuzuia mkojo apelekwe hospitali mara moja. Shiatsu hutuliza uchovu. Haichukui nafasi ya daktari.

Halafu bibi alifanya jambo tusilolitazamia. Alimwita mume wa mwenzetu, akamwambia, "Hawa watakwenda kwao. Wewe ndiwe unayebaki hapa." Kijana aliona haya, lakini akapiga magoti. Alishuka kwa kidole gumba, polepole kama alivyoelekezwa, na chini ya bega la kushoto akasimama.

"Hapa pamekuwa pagumu hivi tangu lini?" aliuliza.

"Tangu wiki ya kwanza," mkewe alijibu, uso ukiwa kwenye blanketi.

Hakuna aliyesema neno. Miezi 2 walikuwa wakila meza moja. Na sisi tuliokuwa tukiingia na kutoka na vyombo vya uji, tulikuwa tumeuliza hali tukiwa tumesimama, viatu karibu na mlango.

Maumivu hayakuisha siku hiyo. Kijana aliendelea kila jioni kwa dakika 15, na baada ya majuma kadhaa tulimkuta mwenzetu akimbeba mtoto huku akiimba. Tangu hapo tumejizoeza kuketi kwanza tunapokwenda kumwona mzazi.

Dada msomaji, huenda nyumbani mwako yuko mtu ajibuye "sijambo" kila siku. Leo jioni tandika blanketi, mwegemee polepole, usubiri. Na kama mtu huyo ni wewe mwenyewe, mwambie mumeo mahali panapouma.