Mgeni Tuliyemkosea Bila Kumwona

Sisi ni ndugu wawili, mafundi wa simu na kompyuta hapa Ngamiani, mjini Tanga. Duka letu ni dogo: meza moja, taa, lenzi ya kukuzia, mashine ya kupulizia hewa ya moto na droo iliyojaa betri chakavu. Hatukupata kudhani kwamba siku moja tungeandika katika kurasa za familia. Lakini limetufika jambo ambalo limekaa moyoni, nasi tumeona heri tuliseme, huenda likamfaa mzazi au kijana kabla naye hayajamfika.

Jambo lenyewe ni mabishano. Hatukusudii yale ya barazani, ambapo watu huteta juu ya mpira kisha wakaletewa kahawa wakanywa pamoja. Tunakusudia mabishano ya mtandaoni juu ya teknolojia, pamoja na watu ambao hatujapata kuwaona wala hatujui majina yao ya kweli.

Tuliingia huko kwa nia njema. Fundi wa mji mdogo hana wa kumuuliza kila linapomshinda, na katika majukwaa ya mtandaoni wapo wajuzi wanaotoa elimu yao bila malipo. Mtu asiyetujua, aliyetuambia tu kwamba yuko Mombasa, alitumia usiku mzima kutuelekeza namna ya kuifufua simu iliyokwama kwenye nembo yake. Hakutaka hata senti. Siku hizo tulikuwa tukiuliza zaidi ya tulivyokuwa tukijibu, na hiyo ilikuwa heri kubwa kwetu.

Baadaye tukaanza kujibu. Tukajipa jina moja, tukalitumia sote wawili kwa zamu: Fundi Mkuu. Ndiyo, wasomaji, tulijiita wenyewe hivyo, hakuna aliyetuita. Kidogo kidogo tukaacha kutafuta mwenye shida ya kusaidiwa, tukawa tunamtafuta mwenye kosa la kukosolewa. Ipi bora, Android au iPhone? Windows au Linux? Maswali haya hayakuwa na faida yoyote kwa mteja aliyekuwa akisubiri kioo cha simu yake, lakini yalituweka macho mpaka saa saba za usiku. Walikuwapo watazamaji waliotupongeza kwa alama ya dole gumba, na kila dole gumba lilikuwa tamu kuliko lililotangulia. Mara ngapi tuliiswali alfajiri jua limekwisha chomoza, hatupendi kuhesabu.

Mtu akitulaumu kwa ukali wetu, tulikuwa na kisa cha kujikingia. Tarehe 29 Januari 1992, Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam, mtunzi wa mfumo endeshi wa MINIX uliotumika kufundishia, aliandika mbele ya kundi la wajadili wa mtandaoni kwamba mfumo mpya ulioitwa Linux umepitwa na wakati. Aliyekuwa akiutengeneza mfumo huo ni Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 22 huko Helsinki, Ufini. Hoja yao ilikuwa juu ya kiini cha mfumo: je, kiwe kidogo na kazi nyingi ziachwe nje yake, au kazi zote ziunganishwe mahali pamoja? Kijana yule alimjibu profesa kwa maneno makali. Leo Linux ndiyo kiini cha kila simu ya Android inayoletwa dukani kwetu. Sisi tukahitimisha kwamba ukali ndio ulioshinda. Kisa hicho tulikisimulia mara nyingi, na mara zote tulikiishia hapo.

Usiku mmoja aliingia katika mjadala mtu aliyejiita Mwanagenzi. Tulikuwa tumetoa fatwa yetu ya kawaida kuhusu betri: kwamba simu mpya ichajiwe saa nane kabla ya kuwashwa, na kila siku iachwe mpaka izime yenyewe ndipo ichajiwe tena. Mwanagenzi aliandika kwa upole kwamba utaratibu huo ulihusu betri za zamani za nikeli, na kwamba betri za sasa ni za lithiamu, ambazo huchakaa upesi zikimalizwa kabisa mara kwa mara na zikipata joto. Akashauri mtu achaji kabla simu haijashuka chini ya asilimia 20.

Tulisoma maneno yale pamoja, bega kwa bega, na wala hatukujiuliza kama ni kweli. Tulijiuliza tutamjibu nini. Tukamuuliza amefungua simu ngapi maishani mwake. Tukamwambia jina lake linamtosha. Tukamwambia akasome kwanza ndipo arudi kuzungumza na mafundi. Kila sentensi tuliisoma kwa sauti kabla ya kuituma, tukacheka, na watoto walikuwapo sebuleni wakisikia.

Alijibu mara moja tu zaidi. Alieleza kwamba baadhi ya betri za nikeli zilikuwa na tabia ya kama kukumbuka kiwango zilipozoea kuchajiwa, hivyo ikafaa kuzimaliza, na kwamba lithiamu haina tabia hiyo. Mwisho aliandika kwamba anaomba radhi ikiwa ametukosea adabu. Sisi tukaichukua ile radhi kuwa ni kushindwa kwake. Madole gumba yakamiminika, tukalala tumefurahi.

Fundi aliyetufundisha kazi alitufundisha hivyo enzi za Nokia 3310, nayo ilitoka na betri ya nikeli. Elimu yake ilikuwa ya zama zake na hatumlaumu. Lawama ni yetu, tuliokuwa tumeifungua droo ya betri kila siku, na neno lithiamu limeandikwa juu ya kila moja, tusilisome.

Miaka miwili ilipita. Wateja waliendelea kupewa fatwa ile ile, tena sasa kwa msisitizo zaidi, kwani tulikuwa tumeitetea hadharani. Hilo ndilo tulilochelewa kulifahamu: mtu akishabishana kwa ajili ya jambo, huwa hawezi tena kulichunguza. Tulidhani tumeifunga mdomo hoja ya Mwanagenzi, kumbe tulikuwa tumeyafunga masikio yetu.

Ishara ya kwanza ilitoka nyumbani. Mtoto wetu wa miaka tisa alikuwa akicheza dama barazani na mwana wa jirani. Mwenzake alipoteleza, tulimsikia akimwambia: "Kasome kwanza wewe! Jina lako linakutosha." Yule mtoto aliinuka akaenda kwao akilia. Mama yetu mzazi, aliyekuwa akichambua mchele, aliuliza mtoto kayaokota wapi maneno kama hayo, kwani katika nyumba ile hayajapata kusemwa. Tulitazamana sisi wawili. Hakuna aliyemjibu mama.

Ishara ya pili ilitoka kwa kijana tunayefanya naye kazi, aliyepitia mafunzo ya VETA. Tulikuwa tumekwisha swali isha na tunafunga duka. Akasema: "Kaka zangu, naomba niulize, huenda ni mimi niliyefahamu vibaya." Akatoa daftari lake la darasani, akatuonyesha ukurasa wa betri. Mlikuwa na maneno ya Mwanagenzi, karibu neno kwa neno. Ulimi ulituwasha kumuuliza amefungua simu ngapi. Lakini huyu alikuwa amesimama mbele yetu, macho chini kwa adabu, amengoja mpaka mteja wa mwisho ameondoka ndipo anene. Kumtukana mtu unayemwona usoni ni kazi nzito. Tukachukua daftari, tukasoma.

Usiku ule tulisoma mengine pia. Tukajua kwamba betri za lithiamu ziliingia sokoni mwaka 1991, na kwamba mwaka 2019 wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa ajili yake. Elimu hiyo ilikuwa wazi kwa kila mwenye kutaka. Sisi tulitaka ushindi.

Basi tukamkumbuka mama mmoja muuza samaki wa soko la Deep Sea. Simu ndiyo biashara yake: wateja wa Muheza na Korogwe humpigia alfajiri, na malipo huyapokea humo humo. Katika miaka ile miwili alibadilisha betri mara mbili kwetu, na mara zote mbili tulimwambia kwamba yeye ndiye asiyejua kuchaji, kwamba haiachi ikaisha vizuri. Hatuwezi kuapa kwamba ushauri wetu ndio ulioziua betri zile, kwani hata betri duni zimejaa mjini. Lakini ushauri tuliutoa sisi, na lawama tukambebesha yeye. Tulimwendea na fedha ya betri moja. Alizipokea, akazihesabu, akazitia kwenye mkoba wake wa kiunoni. Kisha akasema: "Wanangu, ya betri nimesamehe. Ila ile ya kuniambia mbele za watu kwamba sijui hata kuchaji simu, ile ilinichoma. Nayo nimewasamehe, kwa kuwa mmekuja." Tuliondoka sokoni tukiwa wepesi.

Akabaki mmoja. Tulirudi mtandaoni kumtafuta Mwanagenzi. Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa ule wa kutuomba radhi, na baada ya huo hakuandika tena. Hatusemi kwamba aliondoka kwa sababu yetu. Yaweza kuwa alibadili jina, au alipata shughuli, au amekwisha tangulia mbele ya haki. Hatujui kama ni mwanamume au mwanamke, mzee au kijana, wa Tanga au wa ng'ambo. Tuliandika chini ya mabishano yale ya zamani, mahali ambapo kila mtu angeona: Mwanagenzi alisema kweli, Fundi Mkuu alikosea na akavunja heshima yake, nasi tunamwomba msamaha. Hakuna aliyetuwekea dole gumba. Hadi leo hakujapata jibu.

Kila Muislamu amefundishwa tangu madrasa kwamba dhambi baina ya mja na Mola wake ina mlango wa toba ulio wazi, lakini haki ya mja hurudishwa kwa mwenyewe. Ukimkosea jirani, mlango wake unaujua. Ukimkosea mwenzio wa sokoni, meza yake unaijua. Je, mgeni wa mtandaoni tutambishia hodi wapi? Tulimwendea imamu wa msikiti wetu na swali hilo. Hakutukemea. Alituambia tumwombee dua na maghufira mtu yule kila tunapomkumbuka, tumtaje kwa wema pale pale tulipomtaja kwa ubaya, na turekebishe tulichokiharibu kwa kosa letu. Kisha akasema kwamba dawa ya hakika ni ile ya kabla: kuuacha ubishi hata pale mtu anapoona kwamba haki iko upande wake. Tulifikiri tulivyokuwa. Sisi tuliushikilia, na haki haikuwa hata upande wetu.

Ndipo tukaimalizia hadithi yetu ya 1992, ambayo siku zote tulikuwa tukiikata katikati. Torvalds hakuishia kwenye ukali. Baada ya muda mfupi alirudi pale pale akaomba radhi kwa namna alivyomjibu profesa. Miaka mingi baadaye, Septemba 2018, alikiri tena hadharani kwamba maneno yake makali kwa wenzake hayakuwa sawa, akajiweka kando kwa muda ili apate msaada wa kuelewa hisia za watu. Na MINIX nayo haikufa: mwaka 2017 ilijulikana kwamba inafanya kazi kimya kimya ndani ya vichakato vya Intel. Yamkini kompyuta moja juu ya meza yetu imebeba kazi za wote wawili, na mwenye kompyuta hana habari ya ugomvi wao.

Hatukutoka mtandaoni. Fundi asiyeuliza huwa mzigo kwa wateja wake. Lakini jina la Fundi Mkuu tumelizika, na sasa kila mmoja wetu huandika kwa jina alilopewa na wazazi. Tukitaka kujibu, kwanza tunajiuliza kama tungelisema neno hilo mwenyewe akiwa ameketi nasi kwenye mkeka. Pili, tunajiuliza kama tuko tayari haki itoke kinywani mwake. Na ikifika saa nne usiku, simu zote za nyumba, za wakubwa kwa wadogo, huwekwa juu ya kabati la mama. Kanuni hiyo aliitunga yeye, bila kujua kisa chote, na hatukumbishia.

Mtoto wetu tulimpeleka kwa jirani, akamwomba msamaha mwenzake. Tulikwenda naye, na mbele ya wazazi wa yule mtoto tulisema kwamba maneno yale aliyajifunza kwetu. Halikuwa jambo jepesi, lakini mlango tuliujua.

Nawe Mwanagenzi, ikiwa gazeti hili limekufikia popote ulipo, utusamehe. Kila tunapoweka betri mpya, mteja tunamwambia uliyotuambia. Mwenyezi Mungu akulipe heri. Amin.