Mshirazi, Mama Yake na Msikiti wa Kilwa

Nyumbani kwetu mtu akiuliza kabila alijibiwa kwa neno moja: Washirazi. Bibi, mzaa baba, hakulitamka kwa majivuno. Alilitamka kama anavyotaja jina lake mwenyewe. Ushahidi ulikuwa ng'ambo ya maji. Ukisimama pwani ya Kilwa Masoko unaiona ngome ya Gereza kwenye ufuko wa Kilwa Kisiwani. Nyuma yake, kwenye miti, uko Msikiti Mkuu, na mashariki zaidi, juu ya genge, iko Husuni Kubwa. "Wazee wetu ndio waliojenga," bibi alikuwa akisema, kisha anamalizia kwa swali ambalo sikulitilia maanani hadi ukubwani: "Nani mwingine angeweza?"

Kisa chenyewe kila mtoto wa Kilwa amekisikia. Ali bin Hassan, wa ukoo wa kifalme wa Shiraz, aliondoka Uajemi na ndugu zake katika majahazi, kila jahazi likatia nanga bandari yake, la kwake likafika Kilwa. Kisiwa kilikuwa na mwenyewe, mtu wa bara, naye akakubali kukiuza kwa nguo za kutosha kukizunguka kisiwa kizima. Nguo zikatandazwa, mwenyewe akavuka akaenda zake. Bibi alikuwa na nyongeza: yule bwana alipojuta na kutaka kurudi kwa vita, ilisomwa dua usiku kucha, na mkondo uliokuwa ukivukwa kwa miguu maji yakitoka ukapata kina. Kwa hiyo hata bahari ilikuwa upande wetu.

Chuoni, Dar es Salaam, ndipo nilipopinduka mara ya kwanza. Nilisoma namna wachimbaji wa magofu, kina James Kirkman kule Gedi na Neville Chittick hapa kwetu, walivyoelekea kuiona miji ya mawe ya pwani kama makazi ya wageni Waislamu yaliyobandikwa ukingoni mwa Afrika. Chittick si mtu wa kubezwa. Alichimba Kilwa misimu mingi, akatoa juzuu mbili nene mwaka 1974, na tarehe nyingi tunazozitaja kuhusu magofu haya zimepita mikononi mwake. Hata hivyo, chini ya kuta alizozifukua kulikuwa na vigae vya vyungu vya watu waliokaa kisiwani kabla ya jiwe la kwanza kupangwa juu ya jingine. Profesa Felix Chami alishikilia kwamba vigae vya namna hiyo, vyenye michoro ya pembetatu shingoni, ni ndugu wa vile vya wakulima na wafua chuma wa bara. Na kule Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti midogo zaidi, mmoja chini ya mwingine, hadi ya miti ya karne ya 8. Mji haukushuka jahazini ukiwa umekamilika. Ulikua papo hapo, kizazi juu ya kizazi.

Nilirudi likizo nimejaa maneno. Nikamwambia baba, mbele ya wageni, kwamba Ushirazi wetu ni hadithi waliyotutungia Wazungu ili tuone haya kuwa Waafrika. Baba hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Wazungu gani?" Nikataja ukoloni, nikataja Waingereza, nikaona wageni wanatazama sinia ya wali.

Swali la baba lilinikaa. Nilipolifuatilia nikakuta kwamba kisa cha Ali kilichapishwa Ureno mwaka 1552 na João de Barros, aliyekipata kwenye kumbukumbu za wafalme wa Kilwa wenyewe. Upo pia mwandiko wa Kiarabu wenye habari hizohizo. Maana yake ni kwamba wazee wa Kilwa walijiita wana wa Shiraz kabla Mwingereza yeyote hajapata kutia mguu huku. Waliokitunga kisa, kama kilitungwa, walikuwa watu wa nyumbani, na walikuwa na sababu zao: mfanyabiashara wa Bahari ya Hindi mwenye nasaba ya Uajemi alikopesheka kirahisi zaidi.

Lakini hebu kisome kisa chenyewe polepole. Katika maandishi ya Barros, Ali anaondoka Shiraz kwa sababu ndugu zake wanamdharau, na wanamdharau kwa sababu mama yake ni mtumwa wa Kihabeshi. Bibi hakuwahi kulitaja hilo. Mshirazi wa kwanza wa Kilwa, kwa mujibu wa wanaomsifu, alizaliwa na Mwafrika. Halafu kuna jambo la pili ambalo linanichekesha kila ninapowasikia watu wakibishana. Aliyejenga jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, na aliyeupanua Msikiti Mkuu mwanzoni mwa karne ya 14, ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Huyo hakuwa wa ukoo wa Shiraz hata kidogo. Alikuwa wa Mahdali, ukoo uliojinasibisha na Yemen na kuutoa ukoo wa Shiraz madarakani. Kwa hiyo hata tukikubali kila herufi ya kisa cha bibi, sehemu kubwa ya majengo aliyotuonyesha kwa kidole ni ya watu wengine.

Nikaanza kufundisha wilayani. Kila mwaka nilikuwa nawavusha wanafunzi kwa mashua kwenda Kisiwani, na somo langu lilikuwa limeshachongwa: wenyeji walijenga, wageni walidai. Wanafunzi walilipenda kwa sababu ni fupi na linajibika kwenye mtihani.

Aliyenivuruga ni fundi mmoja, mzee wa Kisiwani, aliyekuwa miongoni mwa mafundi wa ukarabati. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 UNESCO ikayaweka kwenye orodha ya yaliyo hatarini. Hayakutolewa huko hadi 2014. Katika miaka ile ndipo elimu ya chokaa ya kizamani ilipotafutwa upya. Nilimkuta yule fundi amekaa kivulini, nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Leo umewaambia nani kajenga?"

"Wenyeji, mzee. Waafrika."

"Haya. Na kuni alikata nani?"

Nilidhani ni utani. Akaninyanyua, akanizungusha, na sijapata kuuona msikiti ule kwa namna ile. Ukuta, alisema, ni jiwe la matumbawe lililochimbwa nchi kavu, gumu na lenye matundu. Mihrabu na pembe za milango ni tumbawe jingine, la baharini, linalokatwa likiwa hai na laini, likachongwa kabla halijakauka, maana likishapigwa na upepo linakuwa jiwe kweli. Kwa hiyo mchongaji na mzamiaji walikuwa na miadi: huyu akichelewa, yule ameharibu. Kinachoshika yote ni chokaa, na chokaa ni matumbawe yaliyochomwa. Unapanga magogo duara, tabaka juu ya tabaka, unarundika matumbawe juu, unawasha na kuomba mvua isinyeshe. Kisha unaliacha rundo linywe maji lenyewe kwa miezi kadhaa. Mwenye haraka anatia simenti, na simenti ndiyo iliyoziponza kuta nyingi za kale, kwa kuwa ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na inafungia unyevu ndani.

"Tanuru moja linakula msitu," alisema. "Msikiti huu ni matanuru mangapi?"

Akaniingiza kwenye gofu la nyumba jirani, akanyoosha mikono. Vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Nilikuwa nimewaambia wanafunzi kwamba huo ni mtindo wa Kiislamu, kwa ajili ya faragha. Mzee alicheka. Chumba ni chembamba kwa sababu dari linabebwa na boriti, boriti ni mkoko, na mkoko una urefu wake. Ukitaka kupita hapo, jenga makuba. Sultani alitaka kupita, akajenga makuba, na upanuzi wake ukaporomoka. Ulilala kifusi hadi karne ya 15, ukainuliwa upya. Kuhusu alikotoka mfalme kuna vitabu. Aliyejua ni mkoko gani ukatwe, mwezi gani, na tumbawe lipi halitapasuka, huyo hakuja na jahazi. Au kama alikuja, ilimbidi aanze kwa kuuliza.

Kuanzia hapo niliacha kuuliza "nani" kwa maana ya baba wa baba. Darasani nikaanza kuwataka wanafunzi wataje kitu kimoja ukutani, kisha waseme kilitoka wapi na kimepita mikononi mwa nani hadi kufika pale. Ni somo refu, lina kelele, na mtihani hauliulizi.

Mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani na sehemu moja ya bara, wengi wao kati ya 1250 na 1800, miongoni mwao wa Kilwa na Songo Mnara. Profesa Chapurukha Kusimba, Mkenya, alikuwa mmoja wa viongozi wake. Matokeo kwa ufupi: katika watu wengi, zaidi ya nusu ya asili ni ya Afrika, na imepita hasa kwa akina mama, sehemu kubwa ya iliyobaki ni ya Asia, zaidi ya Uajemi na kidogo ya India, na imepita hasa kwa akina baba. Kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000.

Mjomba alinipigia simu jioni ileile. "Umeona? Shiraz ipo." Nikamwambia ipo, na mama naye yupo. Akakaa kimya, kisha akasema mama siku zote yupo, hilo halina haja ya maabara. Rafiki yangu wa chuoni, aliyepinduka pamoja nami, alichukia upande wa pili: aliona tumewarudishia Waajemi msikiti. Sikuweza kumfuata. Vinasaba vinasema nani alizaa na nani. Havisemi nani alipanga jiwe, na vyungu vya chini ya kuta havikuhama kwa sababu ya habari za Nature.

Kilichobaki kinanisumbua zaidi ya Shiraz, na hakuna upande wa ukoo wetu unaopenda nikiguse. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, katika utawala wa huyohuyo al-Hasan. Anasema wakazi wengi walikuwa Wazanji, weusi, wenye chale usoni. Anasema pia kwamba sultani alikuwa akivamia nchi za Wazanji na kurudi na ngawira. Ukarimu ule aliosifiwa ulikuwa na chanzo. Karne kadhaa baadaye, mwaka 1776, sultani mwingine wa Kilwa aliandikiana mkataba na Mfaransa Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kwa mwaka. Sisemi Msikiti Mkuu ulijengwa na mateka. Nasema yule fundi aliniuliza nani alikata kuni, nami nilipolipeleka swali darasani, msichana mmoja wa kidato cha pili aliongeza neno: "Walilipwa?" Anayejivunia Uajemi anapata wazee walioamuru, na anayejivunia wenyeji anapata wazee waliojenga. Swali la yule binti linampita mmoja na kumpita mwingine.

Muhula huu nimeomba tuende Songo Mnara badala ya Kisiwani. Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, walipochimba huko, walikuta kati ya nyumba za mawe kulikuwa na nyumba za udongo, ndani ya mji uleule, za watu ambao hakuna mwandiko uliowataja. Juu ya ardhi hakuna cha kuona. Mashua ni ghali zaidi, maji ya kupwa yanatufanya tutembee kwenye tope la mikoko, na mkuu wa shule ameirudisha barua yangu na maelezo ya wino mwekundu pembeni: anataka sababu ya kuwapeleka wanafunzi mbali hivyo kutazama nyumba ambazo hazipo.