Kasongo na Kabambare: Asiransi ya Kiislamu inatofautiana wapi na ile ya kampuni?

Katika Kasongo, mji wenye Waislamu wengi tangu wakati wa Tippu Tip, wengi wanajua asiransi kwa karatasi moja tu: ile polisi wa barabarani anaomba kwa mwenye gari. Kwa karibu miaka 50, kampuni ya serikali, SONAS, ndiyo peke yake ilikuwa na ruhusa ya kuuza asiransi Kongo nzima. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ikafungulia mlango kampuni zingine. Lakini kwa familia ya Kiislamu swali si hesabu ya kampuni. Swali ni hili: feza ikisha kutoka mfukoni, inakuwa ya nani?

Chukua mfano wa mchuuzi wa mchele mwenye kulipia duka lake asiransi ya moto. Mwaka ukipita bila moto, ile feza inabaki ya kampuni. Duka likiungua mwezi wa pili, kampuni inalipa mara nyingi kuliko kile alichotoa. Amenunua kitu ambacho hajui kama atakipata. Wanazuoni wanaita hiyo gharar, biashara ya gizani, na wengine wanaona humo kamari. Tena kampuni inaweza kuweka zile feza mahali zinapozaa riba. Kwa sababu hizo Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu, lilipokutana Jeddah Desemba 1985, lilikataa asiransi ya biashara na kukubali ile ya ushirika. Si wanazuoni wote wanaosema hivyo, lakini ndio wengi. Hata hivyo, kujikinga na hasara si kukosa tawakali. Na pale sheria ya nchi inapolazimisha, kama kwa gari, wengi wao wanamruhusu Mwislamu alipe kile anacholazimishwa.

Ile ya ushirika ndiyo inaitwa takafuli. Kila mmoja anatoa sehemu yake kama tabarru, yaani zawadi kwa wenzake. Mfuko unabaki wa wanachama. Kampuni ni wakili tu: inatunza, inaandika, inapata mshahara wake uliojulikana tangu mwanzo. Kinachobaki mwisho wa mwaka kinaweza kurudishiwa wanachama ao kuwekwa akiba yao. Kampuni ya kwanza ya namna hiyo ilianza Sudan mwaka 1979. Karibu na sisi, Nairobi ilipata Takaful Insurance of Africa mwaka 2011, na mwaka 2014 kampuni hiyo ililipa wafugaji zaidi ya 100 wa Wajir baada ya ukame kukausha malisho.

Katika Kasongo na Kabambare mtu hatapata ofisi kama hiyo ya kugonga mlango. Lakini wamama wengi tayari wanakaa mbele ya sanduku lenye kufuli 3, lile la AVEC. Ndani yake mna mifuko miwili, na kwa Mwislamu haifanani hata kidogo. Wa kwanza ni wa akiba na mikopo: anayekopa anarudisha na nyongeza, na hapo riba imeingia. Wa pili ni wa mshikamano: kila mkutano, kila mtu anatoa kiasi kilekile, na mwenye ugonjwa ao kilio anasaidiwa. Huo wa pili ni ndugu wa takafuli, hata kama hakuna aliyewahi kuuita hivyo. Kikundi cha Waislamu kinaweza kuuendeleza bila nyongeza ya ule wa kwanza, wakikubaliana.

Kuna jambo moja lisifichwe. Familia iliyokimbia Salamabila usiku, nyumba imebaki nyuma, haiwezi kuambiwa itoe kwanza ndipo isaidiwe. Takafuli ni ya mwenye kitu cha kutoa. Asiye na kitu haki yake iko kwenye zaka, ambayo maskini na msafiri aliyekatikiwa njiani wanatajwa kati ya watu wake 8, na hakuna karatasi ya kusaini. Kiongozi wa msikiti anayechanganya hayo mawili anawaumiza wahami mara mbili.

Na kwa vikundi vyenyewe, vita inaleta swali ambalo mikataba ya kampuni mara nyingi inalikwepa kwa kuondoa hasara za vita. Kijiji kikitawanyika, mmoja Kasongo, mwingine Kabambare, mwingine porini, mfuko wa mshikamano ni wa nani? Afazali jibu liandikwe kwenye daftari siku ya amani: nani anabeba sanduku, nani anabeba daftari, watakutana wapi, na wasiporudi baada ya miezi mingapi feza igawiwe. Na funguo 3 zisikae nyumba moja.