Ukuta wa Tofali na Ukuta wa Matumbawe: Tuliyoyaona Philadelphia

Wasomaji wetu watukufu, leo tunawaomba ruhusa tuwachukue mbali kidogo na pwani yetu, kisha tuwarejeshe salama nyumbani, inshaallah.

Habari yenyewe ilianza hapa hapa Mji wa Kale, Mombasa, usiku mmoja baada ya sala ya Isha. Wazee na vijana wa mtaa walikusanyika katika ukumbi wa madrasa kujadili pendekezo la kuweka waifai ya watu wote, ili watoto wasome bila ya wazazi kununua bando kila kukicha. Vijana walikuja na ramani waliyoichora wenyewe: kifaa kimoja kwenye nguzo ya taa penye uwanja, kingine karibu na msikiti, na cha tatu mkabala wa maduka. Sote tulifurahi. Ndipo sauti ya mama mmoja ikatoka nyuma ya pazia: "Samahani, Sheikh. Hayo mawimbi yatapita ukuta? Maana sisi hatukai uwanjani."

Baadhi ya waliokuwapo walicheka. Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tukamjibu kuwa hilo ni jambo la mafundi na litaangaliwa baadaye, kisha tukaendelea na mazungumzo mengine.

Majuma machache baada ya hapo tulisafiri kwenda Marekani, katika mji wa Philadelphia, kumzuru mtoto wa dada yetu aliyehamia huko. Hatukwenda kwa ajili ya intaneti. Lakini tulipofika tulilikuta swali la mama yule limetutangulia.

Philadelphia ni mji wa matofali. Upande wa magharibi, alikoishi mpwa wetu, nyumba zimepangwa safu kwa safu, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, na kila nyumba ina ngazi chache mbele ya mlango wake. Jioni watu huketi juu ya ngazi hizo, wakaulizana hali na kuwatazama watoto wakicheza. Aliyelelewa karibu na baraza hawezi kujiona mgeni hapo. Wala Mwislamu hajioni mgeni, kwani Waislamu ni wengi katika mji huo, na akina mama waliovaa hijabu na nikabu hupanda tramu na kwenda sokoni pasi na mtu kugeuka kuwatazama. Tuliswali katika msikiti ulioko Walnut Street, jengo ambalo zamani lilikuwa sinema. Ulikuwa mwezi wa Juni, na Isha ikiswaliwa karibu na saa nne za usiku. Basi jioni zilikuwa ndefu, na mazungumzo nayo yakarefuka.

Siku ya pili mpwa wetu alitupeleka katikati ya mji. Pale pana jumba kubwa la mawe la serikali ya mji, na juu ya kilele chake imesimama sanamu ya William Penn, mwasisi wa mji huo. Hatua chache kutoka hapo ipo bustani ambayo watu huiita Love Park. Mpwa wetu akatwambia, "Mjomba, hayo mnayoyajadili Mombasa, hawa waliyajadili miaka ishirini iliyopita. Na walianzia hapa."

Ni kweli. Mwaka 2004 bustani hiyo iliwekewa waifai ya bure kwa majaribio, na Meya John Street akatangaza azma ya kuufunika mji mzima, eneo la takriban kilomita za mraba 350. Kusudio lilikuwa jema: aliye maskini asiachwe nyuma na mwenye nacho. Kamati iliundwa, na wakazi wakaitwa mikutanoni watoe maoni yao. Hapo tuliona jambo la kusifiwa, kwani watu walishauriwa kabla ya nguzo kuguswa.

Mambo hayakuwa mepesi. Mwishoni mwa mwaka huo huo jimbo la Pennsylvania lilipitisha sheria ya kuibana miji isiuze huduma ya intaneti yenyewe, na Philadelphia ikaendelea na mpango wake baada ya kuafikiana na kampuni ya simu ya Verizon. Kisha kukaja suala la fedha. Mji haukutaka kutumia kodi za wananchi. Kampuni ya EarthLink ikakubali kuujenga mtandao kwa gharama zake, halafu irudishiwe na ada za wateja: kiasi cha dola 20 kwa mwezi, na dola 9.95 kwa wenye kipato kidogo. Vifaa vikaanza kupachikwa kwenye nguzo za taa, mtaa baada ya mtaa.

Hapa ndipo ukuta ulipojitokeza. Mawimbi ya waifai hutumia masafa yaliyo wazi kwa kila mtu, na kwa sababu hiyo sheria hairuhusu yarushwe kwa nguvu nyingi. Hupoteza nguvu kila yanapopenya tofali, na majani ya miti yenye maji nayo huyadhoofisha. Mtu aliyesimama barabarani chini ya nguzo aliweza kuyapata vizuri, lakini aliyekuwa jikoni au chumba cha nyuma hakupata kitu, ila kama angeweka kifaa cha ziada karibu na dirisha. Ikalazimu kuongeza vifaa vingi kuliko vilivyohesabiwa mwanzo, na gharama ikapanda. Wateja waliojiandikisha hawakuzidi sana 6,000 katika mji wenye watu karibu milioni moja na nusu. Mwaka 2007 kampuni ilikata shauri kutotia tena fedha mpya katika kazi hiyo, na mwaka 2008 ikajitoa. Mwishoni mwa 2009 mji uliamua kuununua mtandao huo kwa dola milioni mbili, kwa matumizi ya idara zake, wakiwamo polisi.

Jioni ile, tukiwa tumeketi juu ya ngazi, jirani mmoja alikuja kutusalimu. Ni mama mtu mzima, mwenye wajukuu, aliyesilimu katika ujana wake. Mpwa wetu alipomweleza tulichokuwa tukikizungumza, alicheka kidogo. Akasema kuwa miaka hiyo alikuwa akiishi kaskazini mwa mji na akisoma masomo ya watu wazima kwa kompyuta aliyopewa. Ndani ya nyumba mtandao haukushika. "Nilikuwa nikitoka nje, nakaa kwenye ngazi kama hizi, kompyuta juu ya mapaja," alitusimulia. "Mvua ikinyesha, darasa langu limekwisha. Na usiku sikuthubutu."

Maneno hayo yalituingia. Katika mikutano yote ya mji ule, swali la mama wa nyuma ya pazia lilikuwa ndilo swali lenyewe, nasi tulikuwa tumelipisha kando.

Philadelphia haikuishia hapo. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya Korona, ilidhihirika kuwa watoto wengi hawana intaneti nyumbani. Mji, mamlaka ya shule, kampuni ya Comcast na wafadhili wakaanzisha mpango uitwao PHLConnectED, wa kuzilipia intaneti hadi kaya 35,000 zenye wanafunzi. Safari hii hawakuanzia kwenye nguzo. Walianzia ndani ya nyumba, pale mtoto anaposomea. Na mwaka huo huo, upande wa Kensington, wakazi wenyewe walianza kujenga mtandao wao mdogo: antena juu ya paa la huyu, nyingine juu ya paa la yule, nyumba ikiipokeza nyumba ya pili. Ni kazi ya polepole, lakini kila anayeunganishwa anamjua aliyemuunganisha.

Tuliporudi Mombasa, jambo la kwanza tulilolifanya lilikuwa kuzitazama kuta zetu. Nyumba kongwe za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake unazishinda tofali za Philadelphia kwa mbali. Kijana mmoja wa mtaa alisimamisha kifaa chake kwenye kijia mbele ya nyumba yetu, nasi tukaingia ndani na simu mkononi. Sebuleni mtandao ulishika. Tulipopita mlango wa pili, ulianza kusuasua. Katika chumba ambamo watoto wa kike hufanyia kazi zao za shule, haukuwapo kabisa. Mke wetu alikuwa akitutazama. Akauliza, "Kwani mlidhani utafika?"

Inasikitisha zaidi ukikumbuka kuwa Mombasa ndiyo mlango wa intaneti ya nchi hii. Mwaka 2009 nyaya za TEAMS, kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, na za SEACOM zilipanda nchi kavu hapa hapa kwetu, na nyingine zimefuata baadaye. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza azma ya kuweka vituo 25,000 vya waifai ya umma nchini. Waya umepita baharini maelfu ya kilomita, na bado unaweza kushindwa na ukuta mmoja wa babu zetu, ikiwa mwenye kupanga hakuingia ndani.

Basi mkutano ulipoitishwa mara ya pili, tulisimama kwanza tukamtaka radhi mama yule mbele ya watu wote. Kisha tukapendekeza mambo matatu yajadiliwe kabla ya shilingi yoyote kuchangishwa. La kwanza, vijana wazungukie nyumba kwa nyumba, wakifuatana na akina mama, wapime mawimbi mpaka chumba cha ndani, na wahesabu ni nyumba ngapi zitahitaji waya au kifaa cha ziada. La pili, ijulikane ni nani atakayelipa ada ya kila mwezi, na nani atakayetengeneza kifaa kikiharibika kwa mvua za masika. Wazee wetu walisema, mali bila daftari huisha bila habari. La tatu, wazazi wakae pamoja waamue ni kurasa zipi zifungwe na saa ngapi za usiku mtandao uzimwe kwa watoto, wala jambo hilo wasiachiwe mafundi peke yao.

Wapo waliosema kuwa tunachelewesha heri. Hofu yao tunaielewa, kwani kijana anayesomea mtihani hawezi kungoja mikutano isiyokwisha. Tumekubaliana kuwa upimaji umalizike ndani ya majuma manne, na madrasa iunganishwe kwanza, mchana kwa wasichana na jioni kwa wavulana, wakati kazi ya nyumba ikiendelea.

Mama wa nyuma ya pazia amechaguliwa kuongoza upimaji. Nyumba ya kwanza aliyoiandika katika daftari lake ni yetu, na mbele ya chumba cha ndani ameandika: haushiki.

Wabillahi tawfiq.