Jogoo Niliyetaka Kumkataa

Likizo ya mwezi wa kumi na mbili iliyopita nilikwenda kwetu Masaka nikiwa na hasira moyoni. Dada yangu mkubwa, aliyenilea tangu mama alipofariki, alikuwa amechumbiwa na mtu wa Mwanza, ng'ambo ya Ziwa. Kwetu Buganda, siku mchumba anapojulishwa kwa wazee, ndugu wa bibi arusi huitwa muko, naye hupewa jogoo. Akimpokea, amemtoa dada yake. Nami nilikuwa nimeapa kwamba sitampokea.

Dada hakunigombeza. Aliniwekea kitabu kitandani, akasema, "Soma, mdogo wangu, kisha tutaongea." Kilikuwa Wildwood Dancing cha Juliet Marillier, mwandishi aliyezaliwa New Zealand. Kilitolewa mwaka 2006. Nilikicheka, maana nilikiona ni cha wasichana. Lakini mvua ilinyesha siku mbili, basi nikasoma.

Shina lake ni ngano ya Ujerumani waliyoichapisha Grimm na nduguye mwaka 1815, ya mabinti 12 wa mfalme ambao kila asubuhi viatu vyao vilikutwa vimechakaa kwa kucheza ngoma. Hapa mabinti ni watano, wa mfanyabiashara wa Transylvania, katika nchi ya Rumania. Kila usiku wa mwezi mpevu hupita mlango wa siri, wakaenda kucheza na watu wa ajabu wa msituni, ambao si binadamu kama sisi. Tati, mkubwa wao, anampenda kijana aitwaye Sorrow, maana yake Huzuni, aliyekuja pamoja na Watu wa Usiku. Jena, mdogo wake, anaogopa, anataka kumzuia. Tati anakonda, chakula hakipiti.

Tena baba yao ameondoka kwa ajili ya ugonjwa, na binamu yao Cezar ameshika mamlaka ya nyumba, akisema kwamba anawalinda. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu. Niliona kwamba Cezar wa nyumba yetu nilikuwa mimi. Nilisema namlinda dada, kumbe najilinda mwenyewe, nisibaki peke yangu.

Mwishoni Tati anavuka kwenda kwa mpenzi wake, asirudi tena, na Jena anamwachia. Bahati yangu ni kubwa kuliko ya Jena, kwa kuwa Mwanza huendewa kwa basi.

Jioni ile nilimkuta dada jikoni akimenya matoke.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Na jogoo je?"

"Nitampokea. Lakini awe mnono."

Alicheka, kisha akageuza uso, akajifuta macho.

Nilimpokea mbele ya wazee, mikono ikitetemeka. Wenzangu mnaodhani vitabu vya namna hii si vyenu, jaribuni kimoja. Na ninyi kaka zetu mliomaliza zamani, mliokwisha kupokea majogoo yenu, niambieni kama moyo huacha kuuma. Wangu bado.