Pikapu na Mahari ya Mdogo Wangu

Msomaji wangu, kununua gari kwa hela ya mshahara ni jambo moja. Kununua gari kwa ng'ombe wa mzee ni jambo lingine kabisa, hasa ukiwa mtu wa Tarime. Hela unaijua wewe na benki yako. Ng'ombe, ukoo mzima unawajua kwa rangi na pembe.

Wetu walikuwa 20, na walishapangiwa kazi: mahari ya mdogo wangu. Mzee akakubali tuwauze, tuongeze akiba ya mama watoto ambaye ni mwalimu, tununue pikapu ya dizeli. Ivute tela la ndizi kutoka Tarime hadi Mugumu, kule wilaya ya Serengeti, irudi na mahindi. Ila akatoa angalizo: "Mura, gari hilo likifa, mdogo wako atabaki kapera. Utamweleza nini?" Nikamjibu, "Nimekuelewa, Tata." Usingizi ukakata kuanzia siku hiyo.

Kijiweni, bwana, kila mtu akawa mtaalamu. Washikaji wakasema chukua Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, mengine porojo. Na kweli ile ni chuma: silinda sita, cc 4,164, haina turbo, na mafundi wengi wa huku wanaifungua macho wamefumba. Lakini bei yake haishikiki, na inakunywa! Mama watoto akanimaliza: "Baba, tela utavuta mara mbili kwa wiki. Siku tano zilizobaki, nani atainywesha hiyo kunipeleka shuleni na wewe sokoni?"

Tukabaki na Hilux za mtumba za aina mbili. Ya kwanza ina injini ya zamani ya 5L, cc 2,986, isiyo na turbo. Ya pili ni D-4D ya cc 2,494, yenye turbo. Ukitazama cc tu, utasema ya kwanza ndiyo dume. Hapo ndipo wengi wanapoingizwa mjini.

Tarime iko juu, kama mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Huku hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Turbo inasukuma hewa ndani ya injini, kwa hiyo inafidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Kwenye kilima, na tela nyuma, utaona tofauti.

Wakanitisha kuhusu nozeli: D-4D haitaki mafuta machafu wala maji, zikiharibika utalia. Ni kweli kabisa. Mimi nikajiuliza njia yangu ni ipi. Natoka Tarime, napita Nyamongo, navuka Mto Mara, naingia Mugumu. Haifiki kilomita 100, na vituo vya mafuta vipo miji yote miwili. Dizeli ya madumu ya nini? Kama safari zako ni za vijijini ndani kabisa, ambako dumu ndilo kituo, basi 5L itakufaa kuliko yangu. Mimi nikachukua D-4D. Chujio nabadilisha kwa wakati, maji yake namwaga, na timing belti siichezei, maana ikikatika injini nzima inaweza kwenda nayo.

Sasa tela. Vijana wengi wanaangalia gari linavuta kiasi gani, wanasahau kuuliza litasimamaje. Vitabu vingi vya pikapu za aina hii vinaweka mwisho wa kilo 750 kwa tela lisilo na breki zake. Magunia manane ya mahindi ya kilo 100 yameshapita hapo, na tela lenyewe hujalipima! Langu lina breki. Mzigo naupanga ili karibu sehemu moja ya kumi ya uzito ikalie kiungio. Ukizidi nyuma, tela linacheza kama mkia wa mbwa. Mteremkoni nashuka na gia ndogo. Breki zikipata moto mno, utabaki na sala tu.

Mpaka leo ng'ombe 13 wamerudi zizini, bado saba. Mdogo wangu anawahesabu kila jioni kuliko mzee mwenyewe, na mchumba anatuma salamu kwa gari, si kwa mimi!

Kwa hiyo wewe unayesaka pikapu, kijiwe kiache kwanza. Pima mzigo wako, pima njia yako, kisha muulize anayepanda gari hilo kila siku. Washikaji watakusifia siku ya kwanza. Mafuta na spea utanunua mwenyewe. Au nasema uongo?