Hewa Iliyojificha

Motakaa huenda kwa nguvu ya moto, lakini moto huo usipopozwa huiharibu injini yenyewe. Kwa sababu hiyo maji huzunguka ndani yake, yakichukua joto na kulipeleka kwenye rejeta, ambako hupozwa na upepo, kisha hurudi tena. Maji yakichakaa na kuingia kutu, hapana budi kuyamwaga, kuisafisha rejeta, na kutia maji mapya.

Watu wengi hudhani kwamba kutia maji ni kazi nyepesi. Huinua ndoo, humimina kwa haraka, na wakiona maji yamefika kinywani, hufunga kifuniko wakaenda zao. Hawajui kwamba hewa iliyokosa njia ya kutokea imejificha katika mipira na mapito ya injini. Hewa haichukui joto kama maji; mahali ilipokaa, chuma huungua. Tena kipima joto kisipoguswa na maji chaweza kuonyesha kwamba injini ni salama, hali inaangamia.

Fundi mwenye busara hafanyi hivyo. Kwanza hungoja injini ipoe kabisa. Huchanganya maji safi na dawa ya rejeta, mara nyingi nusu kwa nusu, akamimina polepole, huku akiminya mipira kwa mkono. Kama ipo parafujo ya kutolea hewa, huilegeza mpaka maji yatoke bila povu. Kisha huiwasha injini, kifuniko kikiwa wazi.

"Mzee, maji yamejaa," asema kijana anayejifunza kazi. "Twangoja nini?"

"Mwanangu, twangoja kilango kifunguke."

Kilango hicho ni themostati. Hufunguka joto lifikapo digrii 80 au 90 hivi za sentigredi. Ndipo maji hupita kwa wingi katika rejeta. Mara mapovu hutoka, na maji yaliyoonekana kujaa hushuka. Fundi huongeza, hufunga kifuniko, na injini ikiisha kupoa hutazama tena.

Wala hakifungui kifuniko injini ikiwa moto, kwa maana maji yaliyobanwa yataruka kwa mvuke na kumwunguza uso. Na dawa iliyomwagika huifuta upesi. Nyingi ya dawa hizo zina ladha tamu, nazo ni sumu iuayo mbwa na watoto.

Katika njia tambarare, kazi mbaya na kazi njema huweza kufanana. Lakini barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa hupanda mlima wa Kitonga, na huko injini hutaabika. Gari lililojazwa kwa haraka huweza kusimama katikati ya mlima, abiria wakiwa ndani na malori yakiwa nyuma. Debe tupu huvuma, watu wakalitambua. Bali hewa iliyo katika injini hunyamaza mpaka siku ya mlima. Ndiyo sababu fundi mwema hutazama mara ya pili.